Asiyeruka Hanyanyuliwi

Kitu cha kwanza walichomnyang'anya kilikuwa msumari.

Ulikuwa msumari wa kawaida tu, umepigiliwa ukutani kando ya kioo katika chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo, na tangu alipojiunga na kampuni ya mieleka ya Mjomba, Tufani alitundika hapo joho lake la buluu. Alhamisi alikataa kutia sahihi mkataba mpya. Jumamosi mchana, alipoingia na begi begani kwa ajili ya pambano lake la mwisho, alikuta msumarini inaning'inia ndoo ya kupigia deki. Joho lilikuwa limesokotwa na kutupwa juu ya kiti kibovu, karibu na mlango wa choo.

Tufani aliitazama ile ndoo akacheka kwa pua. Watu wazima, wenye ndevu zao na magari yao, walikuwa wamekaa kikao wakaafikiana kutundika ndoo!

"Nani kaiweka hii?" aliwauliza wasichana wenzake.

Hakuna aliyeinua uso. Kila mmoja aliona ghafla kwamba kamba za viatu vyake zinataka kufungwa upya, hata yule aliyekuwa peku. Wiki iliyopita walikuwa wakimwita dada, wakimwomba mafuta ya kuchua na ushauri wa mapenzi. Tufani hakuwalaumu. Akufukuzaye hakwambii toka, na anayeogopa kufukuzwa hakwambii karibu.

Huko nje mambo yalikuwa yale yale. Kwenye bango la mlangoni walikuwa wamebandika karatasi nyeupe juu ya uso wake, lakini kwa kuwa kampuni ile ilibana matumizi hata kwenye chuki, karatasi haikutosha, na sikio lake la kushoto lilibaki likiwasikiliza wapita njia.

Mjomba, mwenye kampuni, hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale isipokuwa Kalamu, mtoto wa dada yake. Ila alipenda wapiganaji wote wamwite hivyo. Mjomba hana haja ya kueleza mambo yake, na ukimdai unaonekana huna adabu. Siku ya Alhamisi alikuwa amemwekea Tufani kiti chenye mto, akamwita binti yangu, akamsukumia mkataba wa miaka mitano. Tufani aliusoma wote, jambo ambalo Mjomba hakulitarajia na lilimkera. Katikati palikuwa na kifungu kinachosema mpiganaji wa kike hataolewa wala kubeba mimba bila idhini ya kampuni.

"Mjomba, hiki ni nini?"

"Hicho? Maneno tu hayo. Watazamaji wanakupenda ukiwa huna mwenyewe. Ukiolewa leo, kesho wanakuona shemeji yao."

"Na unajua naolewa na nani."

Mjomba akamtazama Kalamu, aliyekuwa amekaa pembeni ya meza akibofyabofya kichwa cha kalamu yake. Kalamu naye akaitazama kalamu. Tufani alimsubiri. Alimsubiri mpaka feni ikazunguka weee, na mchumba wake akaendelea kubofya tu.

"Basi sitii sahihi," alisema Tufani.

Kwanza Mjomba alicheka. Kisha akaongeza dau. Alipoona dau halimtikisi, akasema fadhila za punda ni mateke. Alipoona hata huyo punda hajamtia uchungu, akakumbuka kwamba kumbe kampuni haikuwa na haja naye kwa muda mrefu, goti lake bovu, umri umemtupa mkono, na huo mkataba walikuwa wanampa kwa huruma tu. Sizitaki mbichi hizi! Mtu mzima alisimama na kitambi chake akiikashifu bidhaa ile ile aliyokuwa akibembeleza kuinunua.

Matusi ya Mjomba Tufani aliyaacha pale pale ofisini. Alichotoka nacho ni ukimya wa Kalamu, na huo ulimuuma mpaka usingizi ukamkimbia.

Maana alimpenda. Alimpenda yule mwanamume mwembamba mwenye kope ndefu na vidole vyenye wino, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika nani ashinde na nani aanguke, kwa sababu katika mieleka ya maonyesho mshindi hujulikana kabla ya kengele. Kila Tufani alipotoka ulingoni, Kalamu alikuwa akimngoja koridoni. Alimshika kiuno, akamnyanyua juu, akamzungusha mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Tufani alikuwa mwanamke wa miraba minne, mabega yake yanajaza mlango. Wengine walishangaa kijana yule anapata wapi nguvu.

Hakuwa nazo. Siri ya kazi yao ni kwamba hakuna anayemnyanyua mwenzake. Anayenyanyuliwa ndiye anayeruka, na anayenyanyua humwongoza tu njia huku amekaza meno ili aaminike. Asiyeruka hanyanyuliwi hata na winchi. Kila mpiganaji aliijua siri hiyo, lakini Kalamu hakuwahi kupanda ulingoni hata kwa kufagia, na alikuwa ameamini kwamba ana mikono yenye nguvu. Kila wiki Tufani aliruka kwa ajili yake, kwa furaha ya moyo wake, na hakuwahi kumwambia.

Alikuwa akifunga bandeji ya goti pale mama yake Kalamu alipoingia bila kubisha hodi. Mama Tiketi, walimwita, kwa kuwa ndiye aliyekaa kwenye dirisha la tiketi la kaka yake. Alikuwa na kawaida ya kumtazama mtu kuanzia miguuni, kama anayekagua kiatu kabla hajakikataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kama bado tunaamkiana." Mama Tiketi aliiona ndoo msumarini na hakuificha furaha yake. "Nimekuja kukwambia jambo moja. Pete ya mwanangu uivue hapa hapa, usiondoke nayo."

"Aliyenivisha ni yeye. Akiitaka atasema yeye."

"Atasema nini, maskini, umeshamchanganya akili? Mimi tangu mwanzo nilimwambia, mwanangu, mke gani huyu wa kujigaragaza mbele za watu, mapaja nje?"

"Mama, mapaja haya ndiyo umekuwa ukiyauzia tiketi miaka yote. Sikukusikia ukiwarudishia watu hela zao."

Msichana mmoja alikohoa ili asicheke. Mama Tiketi alivuta upande wa kitenge chake.

"Ngoma ikivuma sana hupasuka, binti. Kumbuka maneno yangu."

"Nitayakumbuka, mama. Na ukitoka urudishe mlango, tuko wengine bado tunavaa."

Hakuurudisha. Na mlangoni, nyuma yake, alikuwa amesimama Kalamu na karatasi yake ya mapambano, akimpisha mama yake kwa unyenyekevu kama mtu anayepisha jeneza.

Wasichana walitoka mmoja mmoja. Wawili hao wakabaki peke yao. Kalamu alikuja akachuchumaa mbele yake, akaliwekea mkono lile goti lenye bandeji, na moyo wa Tufani, moyo usio na adabu, ukapiga vile vile kama siku ya kwanza.

"Umelala?" aliuliza Kalamu kwa sauti ya chini.

"Sijalala. Wewe je?"

"Nitalala vipi na wewe umenikasirikia?" Akainua kope zake ndefu. "Mpenzi, tia sahihi. Idhini ni ya Mjomba, na Mjomba ni wetu. Tutaoana tu."

"Lini?"

"Akitulia."

"Mwanamume mzima, uoe mpaka mjomba wako atulie." Alitaka kusema kwa hasira lakini ilitoka kwa huzuni. "Nionyeshe hiyo karatasi. Mgongo wangu namwachia nani leo?"

Hiyo ilikuwa mila ya kazi yao. Anayeondoka huacha mgongo wake ulingoni: katika pambano la mwisho hubwagwa na mmoja wa wanaobaki, ili asiondoke na jina lote alilolijenga, bali limsaidie mwenzake. Tufani hakuwa na kinyongo na mila hiyo. Aliitegemea, na hata msichana wa kumwachia alikuwa ameshamchagua, mmoja wa wale waliokuwa wakifunga kamba za viatu.

Kalamu hakumpa karatasi. Aliikunja.

"Kandambili," alisema.

"Kandambili nani?"

"Kandambili wetu. Mzee."

Mzee Kandambili alikuwa kichekesho cha kampuni. Aliingia ulingoni na pajama na kandambili, akajikwaa kwenye kamba, akapigwa na kila mtu, akatolewa amebebwa kama gunia, watoto wakafurahi. Alikuwa hajawahi kushinda pambano hata moja maishani mwake. Magoti yake yalilia kuliko mlango wa stoo.

"Anakupiga na kandambili," Kalamu aliendelea akiitazama sakafu, "kisha anakunyanyua, anakubwaga, refa anahesabu. Basi. Tia sahihi sasa hivi nibadilishe. Kalamu ninayo hapa."

"Nani aliyewaza hili?"

"Mjomba. Si unamjua."

"Na wewe ukaandika."

"Ningefanyaje? Mimi niko upande wako, Tufani. Ila kimyakimya."

"Kimyakimya!" Tufani alilirudia neno hilo kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. Hata hivyo mkono wake ulikwenda wenyewe ukagusa shavu la Kalamu, maana penzi nalo halijui kuona haya. "Nisikilize. Lile kundi la akina mama limeniita, nilishakwambia. Dogo, halina hata ukumbi wake, lakini linalipa kwa pambano na haliulizi mtu anaolewa na nani. Nikitoka ulingoni leo, natoka kwa mlango wa nyuma. Njoo nami. Si lazima useme neno kwa Mjomba. Tembea tu."

Kalamu alimbusu kiganja. "Nitakungoja koridoni," alisema. "Kama siku zote."

Tufani alivaa joho lake lililokunjamana akiwa na tumaini. Tuseme ukweli: alikuwa tayari kubwagwa na ndoo yenyewe, mradi yule mtu atembee naye kutoka pale koridoni mpaka nje.

Nyuma ya pazia, Mzee Kandambili alikuwa ameketi juu ya sanduku la vifaa, kandambili zake mapajani, anazifuta vumbi kwa mkono wa pajama. Alimwona Tufani akasimama haraka, magoti yakalia.

"Mwanangu, nisamehe. Ukitaka nitasema naumwa. Tumbo, chochote."

"Kaa mzee wangu. Kazi ni kazi."

"Afadhali umelichukua hivyo. Nilipowapelekea chai wakati wa kikao chao nikasikia, nilisikitika sana. Mjomba mwenyewe alisema uondoke tu, asikuone. Yule kijana ndiye akasema hapana, mpeni Kandambili, watu wamcheke, atalia, kesho atarudi mwenyewe kutia sahihi. Nikajiambia, ah, huyu si ndiye mchumba wake? Basi watakuwa wamepanga pamoja, mbinu zao za..."

Mzee aliuona uso wa Tufani.

"Kumbe hukujua," alisema polepole.

"Sikujua, mzee wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Tufani alisimama pale akisikia ukumbi ukivuma upande wa pili wa pazia, na kitu ndani yake, kilichokuwa kimemlilia Kalamu tangu Alhamisi, kikakauka. Hakulia. Alikumbuka jinsi Kalamu alivyochuchumaa, jinsi alivyomshika goti, kope zile, na kiganja chake alikisikia kinanuka. Akakifuta kwenye joho. Mjomba alikuwa mnyang'anyi wa wazi, unamwona anakuja. Huyu alikuwa amempimia aibu kwa rula, akaja kumbembeleza aiepuke.

Mzee Kandambili alizishika kandambili zake kifuani.

"Mwanangu, una haki ya kukasirika. Ila nakuomba kitu kimoja. Nikishakushika kiuno, mbele ya watu wote wale..." Hakumaliza. Hakuwa na haja. Tufani akibaki amesimama tu, mzee angeshindwa kumtikisa, na kejeli ambayo ingewarudia Mjomba na mpwa wake ingempitia kwanza yeye, na pajama lake.

"Mzee wangu," alisema Tufani, "wewe nitakurukia mpaka niguse taa."

Mtangazaji alikuwa amekatazwa kulitaja jina lake. Alipoingia, kipaza sauti kilisema, "Na huyu hapa mpinzani," kikanyamaza kama kimepigwa kofi. Ukumbi ukamaliza kazi yenyewe. "Tu-fa-ni! Tu-fa-ni!" Wanawake walisimama juu ya viti. Mjomba, kwenye kiti chake cha mbele, alitabasamu tabasamu la mtu anayesubiri.

Kisha akaingia Kandambili, watu wakacheka, na Tufani hakucheka. Hapo ndipo alipoanza kuuharibu mpango. Alimtazama yule mzee kama anamtazama mtu hatari. Alirudi nyuma. Alimzunguka kwa tahadhari, mikono mbele, na watu walioona Tufani anaogopa wakaanza kujiuliza kuna nini ndani ya pajama lile. Kandambili ya kwanza ilipompiga shavuni alipepesuka mpaka kwenye kamba. Ya pili ilimpiga goti. Kicheko kikapungua, kikageuka kelele za namna nyingine, za watu wanaotaka jambo litokee na hawaamini kama litatokea. Mzee naye alikuwa ameanza kunyooka mgongo.

"Sasa," Tufani alimnong'oneza.

Mikono miwili mikavu ikamshika kiuno. Tufani akaruka. Aliruka kwa miguu yote miwili, goti bovu na zima, aliruka kuliko alivyowahi kumrukia mtu yeyote, na Mzee Kandambili akaonekana na ukumbi mzima amemwinua Tufani juu ya kichwa chake cha mvi, amesimama imara, mdomo wazi. Ukumbi ulipiga ukelele mmoja. Kisha chini, puu! Refa akapiga turubai: moja, mbili, tatu.

Mzee hakuinuka. Alikuwa amemlalia kifuani akilia machozi ya kweli. Tufani akamwinua, akampandisha mkono, akamvisha joho la buluu mabegani. Watu walirusha kofia. Watoto waliimba jina la kandambili. Kwenye kiti cha mbele, tabasamu la Mjomba lilikuwa limekosa pa kukaa, likawa linahangaika usoni pake, mpaka alipougeukia ukumbi na kuona kila mtu amesimama. Hapo likarudi haraka, likiwa limeshapiga hesabu zake.

Tufani alipofika koridoni, walikuwa wamejaa. Wapiganaji, wasichana, mafundi wa taa. Mlango wa chumba cha wanawake ulikuwa wazi na ndoo haikuwapo tena msumarini. Walikuwa wameshaitoa! Mjomba alimjia mikono imetanuliwa.

"Binti yangu! Hii ndiyo damu ya kampuni! Kile kifungu tunakifuta leo leo, hata usikizungumzie. Mimi nilikuwa nakupima tu."

"Mkwe wangu amechoka, mpeni maji," alisema Mama Tiketi, aliyekuwa ameacha dirisha la tiketi lenyewe.

Na Kalamu akapita katikati yao, uso unang'aa.

"Nilijua!" alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Nilimwambia Mjomba, niachieni mimi, hili wazo langu litatikisa ukumbi!"

"Wazo lako?" aliuliza Tufani.

"La..." Kope zilipepesa. "Letu. Wazo letu, mpenzi. Njoo."

Akamjia kama siku zote, akamshika kiuno kwa mikono miwili, na wale wasichana, kwa mazoea, wakainua viganja tayari kupiga makofi. Kalamu akakaza meno. Akavuta.

Tufani alikuwa amesimama, nyayo zote mbili sakafuni.

Kalamu akavuta tena. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kiatu kimoja kikateleza, akajirekebisha, akacheka kidogo kuwachekea watu, akavuta mara ya tatu huku akitoa mlio ambao mwanamume hatoi mbele ya mama yake. Tufani hakusogea hata upana wa kidole. Viganja vya wasichana vilikuwa bado hewani.

"Ruka," Kalamu alimnong'oneza, jasho linamtoka. "Ruka basi, mpenzi, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie."

"Mbona umekuwa mzito hivi?"

Tufani aliushika mkono wake mmoja, akautoa kiunoni. Akaushika wa pili, akautoa, na katika kile kiganja chenye wino akaiweka pete.

"Nilikuwa mzito hivi siku zote," alisema. "Hujawahi kunibeba hata siku moja."

Begi lake alikuwa ameliacha chumbani, kwenye kile kiti kibovu. Aliingia akalichukua, akatoka akapita katikati yao, na hakuna aliyekumbuka kumpisha ila mtu mmoja. Mzee Kandambili, peku, joho la buluu mabegani, alikuwa ameshaushika mlango wa nyuma na kuufungua wote.

"Kwaheri, mwanangu," alisema.

"Kwaheri, mzee wangu. Joho baki nalo. Utafute msumari."